Mwalimu Nyerere na sufuria ya mkulima mdogo

Kila ifikapo Oktoba, Watanzania huadhimisha siku mbili zilizo jirani. Tarehe 14 ni kumbukumbu ya kifo cha Mwalimu Julius Kambarage Nyerere, aliyefariki dunia jijini London mwaka 1999. Tarehe 16 ni Siku ya Chakula Duniani, inayoadhimishwa tangu mwaka 1981. Siku ya kwanza tunazungumzia umoja na uongozi. Siku ya pili tunazungumzia mbegu, mbolea na magunia. Ni mara chache sana tunaziunganisha.

Makala hii inajaribu kuziunganisha. Inaeleza maisha ya Mwalimu kwa jicho la mkulima mdogo, hasa wa Kibaha na Kisarawe, na inauliza swali moja: Inakuwaje kaya yenye shamba, tena yenye mavuno, iwe na mtoto mwenye utapiamlo? Katika uongozi wake wa miaka 24, Mwalimu alilijibu swali hilo kwa njia mbalimbali. Baadhi ya majibu yalisaidia, mengine yaliumiza. Yote yana somo kwa mkulima wa leo.

Mtoto aliyeshika jembe

Kambarage alizaliwa Butiama, mkoani Mara, mwezi Aprili 1922. Baba yake, Nyerere Burito, alikuwa chifu wa Wazanaki na alikuwa na wake 22. Mama yake, Mugaya Nyang'ombe, alikuwa mke wa tano.

Mtu anaweza kudhani kuwa mtoto wa chifu aliishi maisha ya raha. Haikuwa hivyo. Katika boma la aina ile kila mama alikuwa na nyumba yake na shamba lake, na watoto wake walikula kutokana na jembe lake. Kambarage alilima na mama yake, akachunga mbuzi. Chakula kilikuwa mtama, ulezi na mihogo. Mwaka ukiwa mzuri, watoto walishiba. Mvua ikikatika, cheo cha baba hakikuongeza kitu chunguni.

Hapo ndipo mchumi wa kilimo anapoanza kupata somo. Kaya moja inaweza kuwa na wakuu wawili wa chakula: mwenye ardhi na mwenye chungu. Takwimu zetu huhesabu shamba la baba. Mtoto huonyesha afya ya chungu cha mama.

Mwaka 1934, akiwa na umri wa miaka 12, Kambarage alianza Shule ya Msingi Mwisenge, Musoma, umbali wa kilomita kama 40 kutoka nyumbani. Akaendelea Tabora, kisha Chuo cha Makerere nchini Uganda kuanzia 1943 hadi 1945. Alirudi Tabora kufundisha katika shule ya St. Mary's, na mwaka 1949 akaenda Uingereza, Chuo Kikuu cha Edinburgh, ambako alihitimu shahada ya uzamili mwaka 1952.

Aliporejea hakukimbilia ofisi. Alikwenda Butiama, akafyatua matofali na kujenga nyumba kwa mikono yake, jambo lililowashangaza waliotegemea kumwona msomi wa Ulaya akiwa amevaa suti. Januari 1953 alifunga ndoa na Maria Gabriel, na muda mfupi baadaye akapata kazi ya ualimu Pugu.

Njia ya Pugu

Pugu ipo mlangoni mwa Kisarawe. Ukitoka Dar es Salaam ukaacha vilima vya Pugu nyuma yako, unaingia katika nchi ya Wazaramo yenye mihogo, mikorosho, minazi na siku hizi mananasi. Mwalimu alifundisha katika shule ya St. Francis na ndipo jina la Mwalimu lilipomganda. Mwaka 1953 alichaguliwa kuwa rais wa chama cha TAA, na tarehe 7 Julai 1954 chama hicho kikazaliwa upya kama TANU.

Wazee husimulia kuwa mara nyingi alitembea kwa miguu kati ya Pugu na Dar es Salaam kuhudhuria mikutano, safari ya kilomita kama 20 kwenda na nyingine kama hizo kurudi. Njiani alipita katika makazi ya wakulima wadogo wa pwani, ambao nyumba zao zilikuwa zimetawanyika katikati ya miti yao. Mwenye nyumba akifungua mlango wa nyuma, shamba lilikuwa hapo. Majani ya kisamvu, papai, kunde na nazi vilichumwa hatua chache kutoka jikoni.

Naomba msomaji akumbuke picha hiyo, kwani tutairudia.

Machi 1955 Mwalimu alizungumza mbele ya Umoja wa Mataifa, New York. Aliporejea alitakiwa kuchagua kati ya ualimu na siasa. Akaacha kazi, akaacha mshahara, akarudi Butiama kwa miezi kadhaa kabla ya kuja Dar es Salaam moja kwa moja. Mkewe alisaidia kuitunza familia kwa duka dogo. Mfanyabiashara mdogo anayesoma ukurasa huu anajua maana yake: fedha ya duka la mama ndiyo iliyokuwa fedha ya mboga.

Mafiga matatu ya Kibaha

Uhuru ulipatikana tarehe 9 Desemba 1961, na nchi ilizaliwa ikiwa na njaa. Mwaka huo mvua zilikosekana sehemu nyingi, na zilipokuja zikaleta mafuriko. Serikali changa ililazimika kupokea mahindi ya msaada kutoka Marekani. Mwezi mmoja na siku chache baadaye, Januari 1962, Mwalimu alijiuzulu uwaziri mkuu ili azunguke vijijini kukiimarisha chama. Desemba mwaka huo akawa Rais wa Jamhuri.

Alitangaza maadui watatu: ujinga, umaskini na maradhi. Wengi tunalikumbuka tamko hilo kama maneno ya jukwaani. Kibaha liligeuzwa majengo.

Mwaka 1963, kwa ushirikiano na nchi za Nordiki zikiwemo Sweden, Norway, Denmark na Finland, ulianza mradi mkubwa kando ya Barabara ya Morogoro, umbali wa kilomita kama 40 kutoka Dar es Salaam. Ulikuwa na sehemu tatu katika eneo moja: shule ya sekondari, kituo cha afya na kituo cha kufundishia wakulima. Mwaka 1970 mradi ulikabidhiwa kwa Serikali na ukawa Shirika la Elimu Kibaha, ambalo lipo hadi leo. Vijana wengi waliosoma pale wameshika nyadhifa kubwa nchini, na jina la Kibaha likajulikana pia kwa ufugaji wa kuku.

Umuhimu wa mradi ule kwa mada yetu ni mpangilio wake. Chungu hakikai juu ya figa moja. Mtoto anahitaji chakula kutoka shambani, anahitaji kinga na matibabu ili chakula kisipotee kwa kuhara na malaria, na anahitaji mzazi mwenye elimu ya kumlisha. Ondoa figa moja, uji unamwagika. Kibaha mafiga yote matatu yaliwekwa mahali pamoja, muda mrefu kabla wataalamu hawajaanza kuandika ripoti nene kuhusu kuunganisha kilimo na lishe.

Udhaifu ulikuwa kwamba kituo kilikuwa kimoja, na wakulima walikuwa mamilioni.

Vijiji, na miti iliyoachwa nyuma

Azimio la Arusha lilitangazwa Februari 1967. Septemba mwaka huo Mwalimu alitoa andiko lake kuhusu Ujamaa Vijijini. Wazo lake lilikuwa kwamba wakulima wakiishi pamoja watapata maji, shule na zahanati kwa urahisi zaidi, na watalima kwa nguvu kubwa zaidi. Watu walitakiwa kujiunga kwa hiari. Mwenyewe alikwenda Chamwino, Dodoma, mwaka 1971, akafyatua matofali pamoja na wanakijiji. Mwaka 1972, mjini Iringa, chama kilitoa tamko la Siasa ni Kilimo.

Hiari haikwenda kwa kasi iliyotakiwa. Novemba 1973 ilitangazwa kuwa kuishi vijijini ni amri, na mwisho wake ni 1976. Watu walihamishwa, wengine kwa haraka na wengine kwa nguvu. Kufikia mwaka 1977 Serikali ilihesabu watu wapatao milioni 13 wanaoishi katika vijiji vilivyosajiliwa.

Sasa turudi kwenye picha ya mlango wa nyuma. Mkulima wa pwani ana mazao ambayo hayahamishiki. Mkorosho haubebwi, wala mnazi. Aliyehamishiwa kijijini aliiacha miti yake kilomita kadhaa nyuma, na kupalilia kukawa safari. Muhogo ulioachwa bila mlinzi ulikuwa karamu ya nguruwe pori na ngedere. Mama aliyekuwa akichuma mboga wakati maji yanachemka, sasa alitembea saa nzima, mtoto mgongoni. Muda huo ulitoka kwenye mapishi na kwenye kunyonyesha.

Takwimu za korosho zinaonyesha sehemu ya hasara. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilizalisha tani zipatazo 145,000. Kufikia msimu wa 1986/87 uzalishaji ulikuwa umeporomoka hadi chini ya tani 20,000. Si haki kuvitupia vijiji lawama yote. Bei aliyolipwa mkulima ilikuwa ndogo, na ugonjwa wa ubwiriunga ulishambulia mikorosho. Lakini miti iliyokuwa mbali na mwenyewe haikupata matunzo, na fedha ya korosho ndiyo iliyokuwa ikinunua dagaa, maharage na mafuta kwa kaya nyingi za pwani na kusini.

Katika miaka hiyo hiyo, 1973 hadi 1975, ukame ulipiga. Nchi iliagiza nafaka nyingi kutoka nje, na watu wazima wa leo wanaukumbuka unga wa njano ulioitwa yanga. Kampeni ya Kilimo cha Kufa na Kupona ikaanzishwa. Serikali ilipanga bei moja ya mahindi kwa nchi nzima, hatua iliyohamasisha wakulima wa mikoa ya mbali kama Iringa, Mbeya, Ruvuma na Rukwa kulima mahindi kwa wingi. Magunia yaliongezeka. Swali la nani anakula nini ndani ya nyumba lilibaki.

Redio chini ya mwembe

Itakuwa si kumtendea haki Mwalimu tukiishia hapo. Katika kipindi hicho hicho, Serikali yake ilifanya jambo ambalo nchi chache za Afrika zilikuwa zimelifanya: ilianza kulihesabu tumbo la mtoto kuwa suala la taifa.

Mwaka 1970 ulikuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Mwaka 1973 ilifanyika kampeni ya Mtu ni Afya. Watu wapatao milioni 2 walikaa katika vikundi, wakasikiliza redio, wakasoma vijitabu na kujadiliana, kisha wakachimba vyoo na kusafisha visima. Mwaka huo huo Bunge lilipitisha sheria ya kuanzisha Taasisi ya Chakula na Lishe. Mwaka 1975 ikafuata kampeni ya Chakula ni Uhai, iliyowafundisha wananchi kwamba kushiba si lazima kuwe ni kula vizuri, na kwamba mboga, kunde na matunda vina kazi ambayo ugali peke yake hauwezi kuifanya.

Mwaka 1983 ulianza mpango wa lishe mkoani Iringa, kwa ushirikiano na mashirika ya UNICEF na WHO, ukihusisha vijiji 168 kwa kuanzia. Wanakijiji wenyewe waliwapima watoto uzito, wakakaa kikao na kuulizana sababu. Mara nyingi hawakukuta ghala tupu. Walikuta mtoto anayelishwa mara mbili tu kwa siku kwa sababu mama yupo shambani, uji mzito usiomezeka, na maradhi ya mara kwa mara. Wakaanzisha malezi ya pamoja ya watoto mchana, na wakatumia kimea, yaani unga wa ulezi au mtama uliooteshwa, ambao hulainisha uji mzito bila kuongeza maji mengi. Utapiamlo mkali ulipungua kwa kiasi kikubwa.

Linganisha njia hizo mbili. Amri ya kuhama ilitoka juu na ilipima idadi ya watu waliohama. Mpango wa Iringa ulikaa chini na wazazi na ulipima uzito wa mtoto. Zote mbili zilifanyika chini ya kiongozi yule yule. Tofauti ni kile kilichohesabiwa, na nani alikuwa na sauti.

Kung'atuka

Mwalimu aling'atuka urais mwaka 1985. Mwaka huo huo, mkoani kwake Mara, ukame uliwasukuma watu wa Tarime kula muhogo mchungu ambao haukuandaliwa vya kutosha. Baadhi yao, wengi wakiwa watoto na wanawake, walipooza miguu kwa ugonjwa unaoitwa konzo. Hutokea mwili unapopata sumu ya muhogo mchungu kwa wiki nyingi huku ukikosa protini ya kutosha. Muhogo uliwaokoa na njaa, lakini kukosa kitoweo kukawalemaza.

Alibaki mwenyekiti wa chama hadi 1990, kisha akaishi zaidi Butiama, akilima shamba lake. Alikuwa tayari amekiri hadharani kwamba kuna makosa yaliyofanyika, hasa kuvifuta vyama vya ushirika mwaka 1976 na serikali za mitaa mwaka 1972, vyombo ambavyo mkulima alikuwa na sauti ndani yake. Ni viongozi wachache walioweza kukiri namna hiyo. Alizikwa Butiama, karibu na shamba alilolima akiwa mtoto.

Somo kwa Kibaha na Kisarawe

Miongo kadhaa imepita. Kwa mujibu wa utafiti wa kitaifa wa afya, mwaka 2015/16 watoto 34 kati ya kila 100 wa umri chini ya miaka mitano walikuwa wamedumaa. Mwaka 2022 walikuwa 30. Ni hatua, lakini ndogo. La kushangaza zaidi, utafiti wa 2022 ulionyesha kuwa mkoani Iringa, mmoja wa mikoa inayolisha nchi kwa mahindi, zaidi ya nusu ya watoto walikuwa wamedumaa. Ghala limejaa, mtoto hakui.

Kwa hiyo mkulima wa Kibaha na Kisarawe asidhani kuwa tatizo lake ni udongo wa kichanga peke yake. Nchi yake ina mvua za vuli na masika, na ina soko la Dar es Salaam mlangoni. Soko hilo ni baraka na ni mtihani. Nanasi, mayai, kuku wa kienyeji na matembele vyote vinaweza kupanda gari alfajiri, na nyumbani pakabaki muhogo wa kuchemsha na chai ya rangi. Muhogo unatoa nguvu, lakini protini yake ni kidogo mno.

Tulipokuwa chuoni, sisi wachumi wa kilimo tulifundishwa kupiga hesabu ya faida kwa ekari. Ni hesabu nzuri. Lakini naomba iongezwe mistari minne.

Kwanza, kabla ya kuuza, tenga cha sufuria. Kwa kila mayai 10 yanayookotwa, 3 yabaki kwa watoto. Hasara yake sokoni ni ndogo kuliko gharama ya mtoto anayeugua kila mwezi.

Pili, rudisha shamba la mlango wa nyuma. Kunde na mbaazi katikati ya mihogo, mchicha, matembele na mpapai karibu na maji ya kuoshea vyombo. Kisamvu kikitwangwa na kupikwa vizuri ni mboga yenye protini na madini. Na muhogo mchungu usiliwe kabla ya kumenywa, kulowekwa na kuanikwa ipasavyo.

Tatu, mama awe na fedha yake na muda wake. Zao likianza kulipa vizuri, mara nyingi mkono unaopokea fedha hubadilika, na fedha ya mboga hupotea humo. Baba na mama wakae wapange kabla ya msimu, na baba asione aibu kubeba maji wakati wa palizi.

Nne, ukiuza ardhi, hesabu na chakula kilichokuwa kikitoka humo. Jiji linapanuka kuelekea Kibaha na Kisarawe, na mnunuzi wa kiwanja huja na fedha taslimu. Fedha hiyo huliwa mara moja. Shamba huliwa kila mwaka.

Mwalimu aliwahi kuwa na nguvu ya kuhamisha mamilioni ya watu, na hata nguvu hiyo haikutosha kuamua nini kiingie katika bakuli la mtoto mmoja. Uamuzi huo ulibaki, na bado umebaki, mikononi mwa baba na mama wenye ekari mbili au tatu. Kadi ya kliniki ya mtoto ipo nyumbani kwako. Jioni ya leo ichukue, uangalie mstari wake unapanda au umelala. Huo ndio mstari wa mwisho wa hesabu ya shamba lako.

Mwandishi wa makala hii ni mchumi wa kilimo.